Maji yaliyopita mgongoni mwa mtungi: kisa cha chemchemi ya bustani, Rau, Moshi

Siku niliyoitwa Rau, Mwalimu alikuwa amesimama ukingoni mwa chemchemi yake akimimina ndoo ya lita 20, na ndoo ya pili ikisubiri zamu. Ilikuwa Februari, saa nne asubuhi, jua la Moshi limeshapanda. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla hata ya kunikaribisha kiti akasema, "Mwanangu, hizi mbili ni za leo. Jana mbili na kidogo. Juzi mbili. Na hii saruji tumeiweka upya wiki tatu zilizopita."

Mimi ni fundi bomba. Kazi zangu nyingi ni matanki, vyoo na koki za jikoni. Chemchemi za mapambo hunijia mara chache, na karibu kila mara zinanijia zikiwa zimeshabomolewa mara moja. Ndiyo maana nakiandika kisa hiki kwa kirefu. Inaniuma kuona beseni zima likivunjwa kwa kosa lisilo lake, na fedha za kuvunjia zikitoka kwenye pensheni ya mtu.

Kwanza ieleweke kilichokuwepo pale. Mwalimu alizaliwa Kibosho, ubavuni mwa Kilimanjaro, kwenye kihamba (shamba la migomba la ukoo) ambacho mfongo ulipita nyuma ya nyumba. Kwa asiyezijua sehemu hizi, mifongo ni mifereji ambayo Wachaga waliichimba kutoa maji mitoni huko juu na kuyatembeza ubavuni mwa mlima hadi migombani, na mingine ina umri wa mamia ya miaka. Mtoto aliyelala utoto wake wote karibu na mfongo huizoea ile sauti kama wengine wanavyoizoea saa ya ukutani. Alipostaafu ualimu na kuhamia Rau, usiku alisikia pikipiki na mbwa tu. Mjukuu wake, kijana wa chuo, akamwahidi kwamba atamletea mfongo uani. Mwezi Agosti akaja na marafiki wawili wakaijenga chemchemi hii.

Na waliijenga vizuri, hilo nalisema bila kusita. Beseni ni la duara, kipenyo cha ndani sentimita 150, kina sentimita 45, maji yakisimama kwenye 35. Chini kuna zege lenye wavu wa nondo nyembamba, kuta ni za tofali, plasta ni ndoo moja ya saruji kwa tatu za mchanga, na juu yake wamepiga niru, yaani saruji tupu iliyokorogwa na maji, mara mbili. Waliifunika kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku 7 kabla ya kujaza maji. Wapo mafundi wa kulipwa wanaoiruka hatua hiyo, na plasta ikikaushwa na jua kabla haijashika nguvu hupasuka nyufa nyembamba kama unywele, ambazo maji huziona kabla ya jicho la mtu.

Nyuma ya beseni walipanga mawe bila saruji, juu ya udongo mtupu, mpaka yakawa kama kilima kidogo. Kileleni wakalaza mtungi wa udongo wa Upareni, mdomo ukiinamia beseni. Bomba la nusu inchi linapanda katikati ya mawe, linaingia mtungini kwa tundu la nyuma lililozibwa kwa silikoni, kisha linapanda humo ndani hadi karibu na mdomo, ili umeme ukikatika mtungi usijimimine wote kurudi chini. Akili nzuri. Pampu ya kuzamisha ilikaa beseni, ndani ya ndoo ndogo ya plastiki waliyoitoboa matundu madogo madogo kuzuia uchafu. Kuzunguka mawe walipanda masale na magimbi, na hatua mbili nyuma palikuwa na migomba mitatu iliyokuwepo tangu zamani.

Kuanzia Agosti hadi Desemba mambo yalikuwa mazuri. Mwalimu aliongeza ndoo moja kila siku moja au mbili, akaona ni kawaida.

Krismasi familia ilipanda Kibosho, kama familia nyingi za Moshi zinavyofanya, wakaiacha pampu ikiwaka. Walikaa siku 11. Waliporudi pampu ilikuwa imekufa, na beseni bado lina maji zaidi ya nusu. Hilo la maji kuwepo liliwachanganya: pampu ya kuzamisha inaunguaje ikiwa ndani ya maji? Waliamua kwamba ilikuwa mbovu tangu dukani. Katika maji yale yaliyosimama wakakuta pia viluwiluwi vya mbu, vingi. Mjukuu akanunua pampu nyingine iliyoandikwa lita zilezile, akaiunga, maji yakaanza kutiririka. Wiki moja haijaisha, beseni likaanza kushuka zaidi ya upana wa kidole kila siku.

Fundi uashi aliyeitwa alitazama, akagonga ukuta kwa kipini cha nyundo, akasema beseni limepasuka. Plasta yote ikabanduliwa. Mifuko miwili ya saruji, dawa ya kuzuia maji, vibarua wawili, siku tatu. Wakajaza tena. Mwalimu akatia perege watatu wadogo ili wale viluwiluwi. Siku ya nne perege wote walikuwa wanaelea, na maji yanashuka vilevile.

Hapo ndipo nilipoitwa. Alitaka nimpe bei ya kuvunja mara ya pili.

Nikamwomba siku tatu bila kugusa kitu. Hakufurahi, lakini kwa kuwa ni mwalimu alikubali nilipomwambia ni jaribio, na kwamba yeye ndiye atakayeandika namba.

Jaribio lenyewe halina gharama. Unachukua ndoo, unaiweka ndani ya beseni juu ya tofali ili mdomo wake ubaki juu ya maji, unaijaza maji ya beseni hadi usawa wa ndani na wa nje ulingane. Unachora alama mbili kwa penseli, moja ndani ya ndoo, nyingine kwenye ukuta wa beseni. Kisha unaacha saa 24. Jua linalopiga beseni linapiga na ndoo, upepo ni uleule. Ndoo haivuji, kwa hiyo maji yanayopungua ndani yake yamepaa hewani. Beseni likishuka zaidi ya ndoo, ile ziada ndiyo unayoitafuta. Fanya siku zisizo na mvua. Sisi tulikuwa na bahati, masika yalikuwa bado.

Tukalifanya mara mbili. Siku ya kwanza pampu imezimwa kabisa, siku ya pili pampu inawaka saa 10 kama kawaida yake, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni.

Siku ya kwanza: ndoo ilishuka milimita 5, beseni milimita 6. Tofauti ya milimita moja kwa rula ya shule ni tofauti ya jicho. Siku ya pili: ndoo milimita 5, beseni milimita 26.

Mwalimu aliziandika namba hizo kwenye daftari la mistari, akapiga mstari chini yake, akanitazama. Hakuwa na haja ya kuelezwa. Beseni lililokaa na maji karibu lita 600 usiku na mchana bila kushuka zaidi ya ndoo ni beseni zima. Lilikuwa zima hata lile la kwanza, lililobanduliwa.

Hesabu ya kiasi nayo ina faida, kwa sababu inakwambia utafute tundu la ukubwa gani. Milimita moja ya maji katika mita moja ya mraba ni lita moja. Beseni lile lina eneo la karibu mita za mraba 1.77. Ziada ya milimita 21 kwa hiyo ni kama lita 37, na zilipotea katika saa 10 za pampu. Ukigawanya unapata kama kikombe kidogo cha kahawa kila dakika. Kiasi hicho hakitoki kwenye tundu la sindano, wala si bomba lililopasuka, maana hilo ungelisikia. Ni mchirizi. Mahali fulani kati ya pampu na kurudi beseni palikuwa na mchirizi mwembamba usioonekana, unaofanya kazi mchana tu.

Mimi nilishuku lile tundu la nyuma ya mtungi lililozibwa kwa silikoni. Silikoni haishiki vizuri kwenye udongo wenye unyevu, nimeshawahi kuona ikibanduka kama gamba. Lakini mtungi wenyewe ulinikatalia: asubuhi baada ya usiku wa pampu kuzimwa ulikuwa bado umejaa hadi ncha ya bomba, umepungua upana wa kidole tu. Tundu lingekuwa linavuja, mtungi ungekuwa mtupu. Nikafuata bomba mawe kwa mawe, nikapitisha kitambaa kikavu kila kiungo. Kikavu. Nikatandika magazeti kuzunguka beseni kupima michirizo ya upepo. Upande mmoja yalilowa kidogo, si lita 37.

Nikakaa chini kwenye kivuli, nikiwa sina jibu, nikatazama migomba. Miwili ilikuwa kama migomba yote ya Moshi mwezi Februari, majani yamechanika na kukauka kingo. Wa tatu, ulio sawasawa nyuma ya mawe, ulikuwa mweusi kwa ukijani, umebeba mkungu mkubwa na machipukizi manne miguuni. Nilimwonyesha Mwalimu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba angetazama majani kwanza. Mfongo ukivuja, hakuna aliyekuwa anatafuta maji. Walikuwa wanatafuta majani yaliyostawi mahali pasipostahili."

Basi tukageukia mgongo wa mtungi. Ulikuwa umelowa, na kila mtu pale nyumbani alijua kuwa umelowa. Mjukuu alishauona, fundi uashi alishauona, mimi mwenyewe niliushika siku ya kwanza nikaendelea na kazi. Sote tulisema mtungi unatoa jasho. Nani asiyejua kwamba mtungi wa udongo usiopakwa kitu hutoa jasho? Ndivyo unavyopoza maji ya kunywa. Ukweli tunaoujua wote ulituzuia kuuliza jasho lile ni kiasi gani.

Niliomba majivu makavu jikoni. Nikaufuta mgongo wa mtungi, nikayapaka majivu mgongoni na juu ya mawe ya chini yake, nikawasha pampu. Jasho lingeyalowesha majivu yote polepole, pande zote. Haikuwa hivyo. Dakika ya tatu mstari mweusi ulitokea chini ya mdomo wa mtungi, ukarudi nyuma ukifuata tumbo lake, ukapita ubavuni, ukaingia katikati ya mawe mawili na kupotelea kwenye udongo.

Kila aliyewahi kumimina chai kutoka kwenye birika anakijua kitu hiki. Ukimimina kwa nguvu, chai inaruka na kuingia kikombeni. Ukimimina polepole, chai inajikunja chini ya mdomo, inalamba shingo ya birika, inakuchafulia meza. Maji yanapokwenda taratibu hushikamana na kile kinachoyapitisha na kukifuata hata kikijipinda kurudi nyuma. Mdomo wa mtungi wa Kipare ni mnene na wa mviringo, hauna kona kali ya kuyakata. Maji mengi yalidondoka mbele, na kikombe kimoja cha kahawa kila dakika kilirudi nyuma na kwenda kuunywesha mgomba.

Lakini mtungi huo ulikuwepo tangu Agosti. Kwa nini Januari?

Hapa ndipo kisa kinaponigusa zaidi, kwa sababu jibu lilikuwa limeandikwa kwenye boksi. Kwenye boksi la pampu huwa kuna namba mbili: lita kwa saa, na urefu wa juu kabisa wa kusukuma. Wengi huzisoma pamoja, kana kwamba pampu itatoa lita hizo kwenye urefu huo. Sivyo. Lita zile ni za pampu isiyopandisha maji popote, na urefu ule ni mahali ambapo halitoki tena hata tone. Ukweli wa nyumbani kwako uko katikati, na unapungua kadiri unavyokaribia ule urefu.

Pampu ya kwanza iliandikwa lita 1,500 kwa saa, urefu mita 2.5. Ya pili iliandikwa lita 1,500 kwa saa, urefu mita 1.6. Mjukuu alilinganisha lita. Nilipopima kutoka uso wa maji hadi mdomo wa mtungi (unapimia uso wa maji, si pale pampu ilipokaa) nilipata mita 1.3. Pampu mpya ilikuwa imebakiza sentimita 30 tu kufika mwisho wa nguvu zake. Tulikinga maji mtungini kwa ndoo ya lita 10, ikachukua dakika mbili kujaa. Hizo ni lita 300 kwa saa, moja ya tano ya zilizoandikwa. Pampu ya zamani ilirusha maji, hii ikawa inayamimina, na mtungi ukaanza kuyalamba.

Na ile ya zamani iliuawa na nini, beseni likiwa na maji? Na ile ndoo yenye matundu. Uani pana mjakaranda, na mjakaranda ukimaliza kutoa maua yake ya zambarau mwezi wa kumi na wa kumi na moja huacha zulia linalooza polepole, pamoja na vijani vidogo kama punje za mchele. Vijani hivyo viliziba matundu kimoja baada ya kingine. Pampu ikanyonya maji ya ndani ya ndoo yakaisha, ya nje yakashindwa kuingia, ikawa inazunguka kwenye ukavu katikati ya bwawa. Pampu hizi hupozwa na maji yanayopita ndani yake. Bila maji hazidumu.

Maua ya mjakaranda, pampu, lita badala ya urefu, mdomo wa mtungi, na mwisho wake vibarua wanabandua plasta nzima. Hakuna hata mmoja katika mnyororo huo aliyefanya uzembe. Kila mmoja alijibu swali lililokuwa mbele yake, na hakuna aliyepima.

Kabla ya kutengeneza lolote nilitoa pampu nje, na hapo nikakuta jambo ambalo sikuwa nalitafuta. Waya wake ulikuwa mfupi, mita moja na nusu. Ulikuwa umeungwa na waya mwingine na kuzungushiwa utepe wa plastiki, na kiungo hicho kilikuwa kimelala chini ya kokoto, ndani ya maji. Nilimwita Mwalimu na mjukuu kwa simu wakati huohuo, na nilisema kwa ukali ambao sikuutumia kwa jambo lingine lolote pale. Utepe hauzuii maji. Hupunguza kasi yake tu. Breka ya kawaida ya ampia 16 haioni umeme unaopita kwenye mwili wa mtu, kwa sababu kinachomuua mtu ni kidogo mno kulinganisha na kile kinachoiamsha breka hiyo. Mwalimu, bibi wa miaka sabini na kitu, alikuwa akiingiza mkono kwenye maji yale kila asubuhi kuokota majani, na pampu mara nyingine inawaka.

Kwa chemchemi yoyote ya nyumbani nakataa kuendelea mpaka mambo mawili yawepo: waya mzima usio na kiungo hadi mahali pakavu, juu ya ardhi, ndani ya boksi la kufungwa; na breka inayokata umeme unapovuja, ya miliampia 30, yenye kile kitufe cha kujaribia. Kitufe hicho kibonyezwe kila mwezi. Asiye na fedha za breka hiyo na achukue pampu ya volti 12 yenye transfoma inayokaa ndani ya nyumba. Na hata vyote vikiwepo, mkono hauingii majini kabla plagi haijatolewa.

Matengenezo yenyewe yalichukua siku mbili, na nyingi ya hizo ni za kusubiri mtungi ukauke. Nilikata kipande cha aluminiamu kilichobaki kwenye kazi ya mfereji wa paa, nikakikunja kiwe kama ulimi, ncha ikitazama chini, nikakibandika kwa silikoni kwenye mdomo wa mtungi uliokauka kabisa. Ncha kali inayotazama chini hayo maji hayawezi kuizunguka, yanadondoka tu. Waashi wazuri huweka kitu kama hicho chini ya kingo za madirisha ili mvua isirudi ukutani. Kisha nikatoa mawe, nikamwaga zege jembamba chini yake lenye mteremko wa kurudi beseni, nikayapanga tena. Mchirizi wowote utakaotokea siku za mbele utarudi nyumbani.

Pampu mpya ilikuwa ya urefu wa mita 3. Kanuni yangu ni kupima urefu ninaouhitaji na kuzidisha mara mbili au zaidi kidogo. Bomba nikalipandisha kutoka nusu inchi hadi robo tatu, maana bomba jembamba nalo hula nguvu, na nikaweka koki kwenye njia ya kutokea ili nguvu ipunguzwe inapozidi. Koki isiwekwe upande wa kunyonyea, pampu itakosa pumzi. Inatumia wati 35. Kwa saa 10 kila siku ni kama yuniti 10 na nusu za umeme wa Luku kwa mwezi, na nilimwambia Mwalimu namba hiyo mapema. Ile ndoo ya matundu tuliibadilisha na kikapu kipana cha wavu. Siri iko kwenye upana: majani yanaweza kuziba nusu ya kikapu na nusu iliyobaki ikatosha.

Tulirudia jaribio. Ndoo milimita 5, beseni milimita 9. Zile 4 za ziada ni kama lita 7: michirizo ya upepo, na jasho la mtungi, safari hii jasho la kweli.

Kuhusu perege, kosa lilikuwa la plasta mpya. Saruji changa hutoa chokaa ndani ya maji na kuyafanya kama maji ya magadi, na samaki hawezi kuishi humo. Tulilimwaga beseni, tukalisugua kwa siki, tukajaza, tukaacha wiki, tukamwaga. Mara tatu. Mwishoni mwa Machi akatia perege wawili wadogo, na wapo hadi leo. Wakati wa kusubiri, viluwiluwi tulivishughulikia kwa njia rahisi. Yai la mbu hufikia kuwa mbu anayeruka kwa muda wa siku 7 hadi 14, joto likizidi huwahi zaidi, kwa hiyo chemchemi iliyozimwa imwagwe kila wiki. Na kuta zisuguliwe, kwa sababu mbu wa dengue hubandika mayai yake kwenye ukuta juu kidogo ya maji, na mayai hayo huvumilia ukavu kwa miezi. Kumwaga bila kusugua ni kuyangojesha tu. Chemchemi inayotembea haina shida kubwa ya mbu, ila ukague pembe ambako maji yamelala, nyuma ya mawe na ndani ya makwapa ya majani ya magimbi, yanapoungana na shina.

Ukoko wa kijani hautaisha penye jua, na mimi simshauri mtu kutia klorini mahali ndege wanapokunywa. Brashi ngumu inatosha. Moshi tuna bahati, maji yetu ya bomba yanatoka chemchemi kama Shiri na Nsere na hayaachi magamba mengi. Ndugu zetu wa Arusha, hasa wanaotumia visima vya upande wa Meru, wana kazi zaidi. Maji ya huko mara nyingi yana floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani limeziweka kama kikomo cha maji ya kunywa. Jua linapochukua maji ya beseni linaiacha floridi pale pale, na kila ndoo unayoongeza inaleta nyingine. Beseni la huko lisiwe mahali pa mtoto au mbwa kunywa.

Nilidhani nimemaliza. Baada ya siku mbili Mwalimu akapiga simu. Maji hayapungui, alisema, anashukuru sana, ila sauti imebadilika. "Sasa inapiga kelele. Haisemi." Nilirudi. Ulimi wa aluminiamu ulikuwa unayatoa maji kama karatasi moja, nayo ikapiga uso wa beseni kwa mlio mkali. Nilikata pengo tatu kwenye ncha kwa mkasi wa bati, yakagawanyika mapande matatu yasiyolingana, kisha nikaweka jiwe bapa chini ya pande moja, nusu yake juu ya maji. Jiwe lilitoa sauti kavu, mapande mawili yaliyotua kwenye maji yenye kina yakatoa ile nzito. Koki tuliifunga robo, tukafungua kidogo, tukafunga tena. Kazi hiyo ilichukua mchana mzima, yeye amekaa kwenye kiti cha mgongo amefumba macho na mimi nikisogeza jiwe sentimita moja moja. Sikumtoza, kwa sababu nilikuwa najifunza.

Kila Jumamosi sasa wanatoa ndoo mbili za maji machafu chini ya beseni, pamoja na majani yaliyooza, na kuongeza safi. Mara moja kwa mwezi mjukuu anafungua pampu, anasafisha kipangaboi chake kwa mswaki wa zamani na kubonyeza kitufe cha breka. Daftari bado lipo, na safu mpya imeongezwa kwa mkono wa Mwalimu: ndoo, beseni, tofauti.

Mwezi wa tano nilipopita kusalimia, ule mgomba ulikuwa umeshakatwa mkungu wake. Niliuliza kama umeanza kudhoofu tangu mchirizi ukome. Mwalimu alinionyesha mfereji mdogo aliouchimba kwa jembe, kutoka ukingoni mwa beseni hadi miguuni pa yale machipukizi manne. Ndoo mbili za Jumamosi zinapita humo.